Mjadala: Nyumba ya marehemu iuzwe wakati watoto bado wamo ndani?

Jana kwenye kahawa hapa Ujiji mzee mmoja alisema familia zinazotangatanga Kigoma zimeondolewa na maji. Sikatai. Ziwa lilipopanda mwaka 2021, watu wa Katonga na Kibirizi walihama na magodoro kichwani. Lakini hao walitoka baba, mama na watoto pamoja, na mtaa mzima ukawaona. Kuna wanaotoka kimya kimya baada ya matanga, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Arobaini ya baba haijafika, muhtasari wa kikao cha ukoo ulishapelekwa Mahakama ya Mwanzo: baba mdogo awe msimamizi wa mirathi. Mama aliweka dole gumba bila kusomewa. Hati ya mauziano ya kiwanja ilikuwa na jina la baba tu, ingawa tofali zilinunuliwa kwa dagaa alioanika mama miaka mingi. Nyumba ikauzwa, kila mtu apate chake. Thumuni ya mama, ile sehemu moja ya nane ya mjane katika mirathi ya Kiislamu, haikumnunulia hata kiwanja. Tukalala kwa shangazi, kisha kwa jirani, mwisho chumba kimoja Mwanga, watu sita.

Atakayesema fungu alilopanga Mungu haligeuzwi, tuko pamoja. Ninachouliza kinatangulia fungu: nyumba ile yote ilikuwa ya marehemu? Jasho la mama litolewe kwanza, kinachobaki ndicho kigawiwe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamkataza mume kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke. Akishakufa, msimamizi anauza na mjane anafungasha! Kwa mila ni kugumu zaidi, maana tamko la serikali la sheria za mila la mwaka 1963 linasema mjane harithi ikiwa mume ameacha jamaa wa ukoo wake. Watoto ndio wamtunze. Watoto wenyewe wa darasa la pili?

Msimamizi hupewa miezi 4 kupeleka mahakamani orodha ya mali. Mama alikuja kulijua hilo sisi tukiwa watu wazima.

Naweka rai yangu mezani: nyumba wanayoishi watoto wa marehemu isiuzwe mpaka wa mwisho atimize miaka 18, labda mama mwenyewe aridhie mbele ya hakimu, akiwa amesomewa. Shamba na mtumbwi vigawiwe hata kesho. Baba wadogo na mashangazi mliowahi kusimamia mirathi, naomba mwanze nyinyi: nyumba ikisubiri, mnapungukiwa nini?