Mjadala: Je, mkusanyaji wa nota adimu za piano ana haki ya kuzifungia kabatini?

Mtoa mada

Ndugu zangu wapenzi wa piano, naleta hoja ambayo imetugawanya kwa muda mrefu sisi tunaokusanya nota, yaani karatasi za muziki ulioandikwa, za watunzi wa Marekani ambao majina yao hayasikiki sana kumbini. Wapo miongoni mwetu wenye nakala ambazo ni nadra mno kuonekana, na wamekwisha kupiga picha kurasa zote, lakini hawampi mtu nakala hiyo mpaka naye atoe nota nyingine adimu ya kubadilishana. Wanasema kwamba nota ikishasambaa haibadilishiki tena kwa kitu. Mimi naona desturi hiyo ni mbaya, na nasema wazi kwamba nota ambayo hakimiliki yake imekwisha haifai kukaa kabatini bila nakala yake kuwekwa mahali ambapo kila mpiga piano ataifikia.

Sheria ya Marekani katika jambo hili inaeleweka. Kazi iliyochapishwa kabla ya 1978 hulindwa kwa muda usiozidi miaka 95 tangu ichapishwe, na ndiyo maana machapisho ya 1929 yaliingia katika mali ya umma, yaani yakawa huru kwa yeyote kuyanakili, tarehe 1 Januari 2025. Mkusanyo wa R. Nathaniel Dett uitwao *In the Bottoms*, wa mwaka 1913, ulikwisha kuwa huru zamani. Tena kazi zilizochapishwa kabla ya 1964 zilitakiwa kuombewa upya ulinzi katika mwaka wa 28, na ambayo haikuombewa iliupoteza. Kwa hiyo kipande cha miaka ya 1940, ambacho mchapishaji wake mdogo alifunga duka mapema, huenda ni mali ya umma leo bila yeyote kujua, mpaka atokee mtu wa kupekua madaftari ya usajili wa hakimiliki.

Kinachonisukuma zaidi, hata hivyo, ni kisa cha mtunzi Florence Price. Alizaliwa Little Rock, Arkansas, mwaka 1887, akahamia Chicago, na mwaka 1932 sonata yake ya piano na simfoni yake ya kwanza zote zilishinda katika mashindano ya Wanamaker, ya watunzi weusi. Mwaka uliofuata simfoni hiyo ilipigwa na okestra ya Chicago Symphony. Alipofariki mwaka 1953, sehemu kubwa ya kazi zake ilikuwa bado ni miswada isiyochapishwa. Mwaka 2009 watu walionunua nyumba iliyotelekezwa huko St. Anne, Illinois, ambayo zamani alikuwa akipumzikia majira ya joto, walikuta mti umeangukia paa na kulitoboa, na katika upande ambao haukuingiwa na mvua wakakuta marundo ya karatasi zake, zikiwamo konseto mbili za fidla na simfoni ya nne. Fikirini kama mti ule ungeangukia upande wa pili. Muswada usio na nakala unategemea paa moja, na kabati la mkusanyaji nalo liko chini ya paa moja.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mtoa mada, nakuheshimu, lakini hoja yako inampita mtu aliyegharamika. Nimenunua nota minadani kwa fedha zangu, na nimesafiri kwa basi majimbo matatu kufuata sanduku moja la marehemu mwalimu wa piano. Kwa nini anayesubiri tu avune sawa na mimi?

La pili ni wenye haki. *Troubled Water* ya Margaret Bonds ilichapishwa mwaka 1967, na ulinzi wake hautakwisha mpaka mwisho wa 2062. Anayeisambaza leo kwa kisingizio cha kumtangaza mtunzi anawanyima warithi kile kidogo ambacho mama huyo hakukipata alipokuwa hai. Hata huyo Price wako: mwaka 2018 kampuni ya uchapishaji wa muziki ya G. Schirmer ilichukua haki za kazi zake duniani kote, ikaanza kuzichapisha. Kusoma muswada, kulinganisha nakala na kusahihisha makosa ni kazi ya kulipwa. Nimeona picha za nota zenye ukurasa pungufu zikipita mkono kwa mkono, na wanafunzi wakijifunza kosa lililomo kana kwamba ndivyo mtunzi alivyoandika.

Mchangiaji wa pili

Mimi ni mtu wa maktaba, nami nasema neno moja tu. Karatasi za nota zilizochapishwa tangu katikati ya karne ya 19 mara nyingi ni za rojo la mbao lenye asidi; hugeuka njano, kisha humeguka pembeni kila zinapofunuliwa. Mkifanya mjadala huu kwa miaka kumi mingine, zipo nota ambazo zitakuwa makombo kabla hatujakubaliana. Sheria yenyewe imeliona jambo hili, kwani inaruhusu maktaba kunakili na kusambaza, kwa ajili ya uhifadhi na utafiti, kazi iliyo katika miaka 20 ya mwisho ya ulinzi wake ikiwa haipatikani tena sokoni kwa kawaida.

Mtoa mada

Ndugu mchangiaji wa kwanza, kuhusu Bonds nakubali bila kusita: anayeitaka *Troubled Water* ainunue. Kuhusu kurasa pungufu pia umesema kweli, na dawa yake ni mwenye nakala kamili kuitoa. Lakini umechanganya haki ya mtunzi na haki ya mwenye kabati. Sheria inamlinda Bonds na warithi wake. Wewe uliyenunua karatasi mnadani unamiliki karatasi, na muziki uliokwisha kuwa wa umma hukuununua. Hata kwa Price, kazi ambazo hazikuwa zimechapishwa hadi mwisho wa 2002 zilihesabiwa miaka 70 tangu kifo chake, na huko Marekani zikawa huru tarehe 1 Januari 2024. Toleo lililohaririwa vizuri bado litanunuliwa, kwa sababu mpiga piano anayekwenda jukwaani anataka kurasa safi.

Nawe unajua kwamba waliogharamika kuliko sisi walitoa. Helen Walker-Hill, mpiga piano na mtafiti, alikusanya nota za watunzi wanawake weusi, akachapisha juzuu lake mwaka 1992, na mkusanyo wake ukahifadhiwa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder, ambako mtafiti anaweza kuufikia. Mwana wa mtunzi Leo Ornstein, Severo, mhandisi wa kompyuta, alizichapa upya kwa kompyuta kazi za baba yake ambaye dunia ilikuwa imemsahau, kisha akaziweka bure kwenye intaneti. Sonata ya nane ya mzee yule, aliyoimaliza akiwa amepita miaka 90, inapigwa leo kwa sababu hiyo.

Basi naomba tuanze na yasiyobishaniwa. Kila mwenye nota iliyochapishwa Marekani kabla ya 1930 aandike hapa jina la kipande, mtunzi, mchapishaji na mwaka, nasi tuangalie katika katalogi za maktaba ni zipi zisizo na nakala popote. Zangu ni kumi na saba, na orodha yake naiweka kesho jioni.

Mchangiaji wa kwanza

Za kabla ya 1930 ninazo sita, nitaziandika. Za miaka ya 1940 sitoi hata moja mpaka kwanza tupekue madaftari ya usajili, na kazi hiyo tuifanye pamoja.