Naomba ushauri: niwaelezeje wanafunzi "nchi moja" na "nchi mbili" katika katiba zetu?

Mwalimu wa Uraia
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafundisha Uraia katika shule ya sekondari huku Bara, na mada ya Muungano imenifikisha mahali pagumu. Ibara ya 1 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 inasema, "Tanzania ni nchi moja na ni Jamhuri ya Muungano." Katiba ya Zanzibar ya mwaka 1984, tangu ilipofanyiwa mabadiliko ya 10 mwaka 2010, inasema Zanzibar ni miongoni mwa nchi mbili zinazounda Jamhuri hiyo hiyo. Mwanafunzi wangu mmoja aliyezisoma zote mbili ameniuliza ipi inasema kweli. Sipendi kumjibu kwa kauli ya jukwaa la siasa, wala sipendi kumfanya aone kwamba swali lake halifai kuulizwa. Naomba mnishauri.

Wakili wa Dodoma
Mwalimu, usiwapeleke kwanza kwenye kamusi, kwa sababu kamusi itawaambia kwamba nchi ni eneo lenye watu na mipaka yake, na kwa maana hiyo katiba zote mbili zitakuwa sahihi na mjadala utakufa kabla haujaanza. Waonyeshe neno hilo linabebeshwa mzigo gani ndani ya maandishi yenyewe. Ibara ya 33 ya Katiba ya Muungano inamwita Rais Mkuu wa Nchi, na hapo nchi maana yake ni dola. Kisha wafungulie ibara ya 151, ambako Tanzania Bara inafafanuliwa kuwa ni eneo la Jamhuri ya Muungano ambalo zamani lilikuwa eneo la Jamhuri ya Tanganyika. Tanganyika iliyokuwa na kiti chake Umoja wa Mataifa inatajwa hapo kama eneo tu, na mimi siamini kwamba mwandishi wa sheria huteua neno kama hilo kwa bahati.

Jambo hili liliwahi kuamua hatima ya watu. Katika kesi ya uhaini iliyowakabili viongozi na wanachama wa chama cha siasa cha CUF kule Zanzibar, Mahakama ya Rufani ilisema mwaka 2000 kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, kwa kuwa mamlaka kamili ya dola yako kwa Jamhuri ya Muungano.

Mzee wa Mkunazini
Assalaam alaykum, Mwalimu. Namheshimu Wakili, lakini hukumu hiyo ilitangulia mabadiliko ya 2010 kwa miaka 10, na vijana wako wanapaswa kuujua mfuatano huo. Mwaka 2008 Waziri Mkuu wa wakati ule, Mheshimiwa Mizengo Pinda, alisema Bungeni kwamba Zanzibar si nchi, na huku visiwani maneno yale yaliuma sana. Yalikuwa hayajasahaulika wakati Baraza la Wawakilishi lilipoandika upya ibara za mwanzo za Katiba yetu na kusema waziwazi kwamba Zanzibar ni nchi, ambayo kabla ya Muungano ikiitwa Jamhuri ya Watu wa Zanzibar. Kwetu sisi neno lile lilikuwa jibu, na lilikusudiwa lisomeke hivyo. Ukiwafundisha kwamba ni tofauti ya matumizi ya lugha tu, utakuwa umewanyima nusu ya habari.

Binti Kilosa
Mwalimu, mimi ningewarudisha kwenye Mapatano ya Muungano yaliyotiwa saini na Mwalimu Nyerere na Mzee Karume tarehe 22 Aprili 1964. Humo zimo jamhuri mbili zinazoungana kuwa jamhuri moja yenye mamlaka kamili, na papo hapo Zanzibar inabakiziwa serikali yake kwa mambo yasiyo ya Muungano. Umoja na uwili vyote vimo tangu siku ya kwanza. Kwa mfano wa karibu, mwaka 2017 Shirikisho la Soka Afrika (CAF) liliipokea Zanzibar kuwa mwanachama kamili, kisha likaufuta uanachama huo miezi michache baadaye, kwa hoja hiyo hiyo ya nchi.

Mwalimu wa Uraia
Nawashukuru sana. Nitawapa ibara zote bega kwa bega pamoja na miaka yake, na swali nitaligeuza: badala ya nani anasema kweli, wajibu kila katiba ilikuwa ikimjibu nani. Limebaki moja: kwenye mtihani wa taifa waandike nini?

Wakili wa Dodoma
Waanze kwa kutaja katiba na namba ya ibara, ndipo waeleze. Jibu lililotaja ibara zote mbili msahihishaji hawezi kulikata kwa haki, na aliyetaja moja tu aseme ni ipi.