Cheti cha kutunza alama za mpira wa wavu kinapatikanaje huku Mbeya? Nimeinuliwa mezani

FundiNamba_Uyole

Wadau, habari za jioni. Mimi ni fundi cherehani hapa Uyole, na wavu sijawahi kucheza hata siku moja. Niliingilia mlango wa jezi. Vijana wa mtaani kwetu waliniletea fulana kumi na mbili nibandike namba, nikabandika, ya 6 na ya 9 nikazigeuza, wakacheka wee, na tangu siku hiyo nikawa mtu wao. Wakiwa na bonanza utasikia, "Mama Namba, njoo utuandikie." Mwaka wa pili sasa. Silipwi zaidi ya soda, wala sijalalamika.

Kwenye bonanza natumia daftari la dukani: vijiti vinne, cha tano kinapita katikati. Timu ikifika 25 na tofauti ikiwa mbili, nasema seti imeisha. Ugomvi haujawahi kutokea.

Wiki mbili zilizopita kulikuwa na mashindano ya heshima kidogo, marefa wawili na karatasi yenyewe, ile pana yenye visanduku kama leja ya stoo. Aliyepangwa kuandika akakwama kwenye foleni ya malori huko Inyala, wakaniita mimi. Baridi ya huku mnaijua. Nimejifunga khanga mbili juu ya sweta, vidole vimekufa ganzi, upepo unanyanyua karatasi, nimeikandamiza kwa mkasi wangu wa kazini. Buza hatuna, tuna kengele ya baiskeli.

Timu A wakaanza kusevu, yaani kuupiga mpira wa kuanzisha. Wakapata ya kwanza, wakapata ya pili, kisha B wakanyang'anya sevu, ikawa 2–1. Kile kikaratasi cha mzunguko cha B kocha wao alikuwa amekijaza 7, 4, 11, 2, 9, 5, kuanzia nafasi ya kwanza hadi ya sita. Mimi ninavyojua, aliye nafasi ya kwanza ndiye anayesevu, na hapo ni jezi 7. Natazama uwanjani, anayekwenda nyuma na mpira ni jezi 4! Nikapiga kengele. Refa wa pili akaja, nikamwonyesha karatasi, akaitikia kwa kichwa, A wakapewa pointi.

Kocha wa B alikuja mezani kama mtu aliyekanyaga siafu. Robo saa nzima ni kelele tu. Mwisho refa mkuu akashuka kwenye ngazi yake, akasoma, akaifuta ile pointi, mpira ukarudi kwa B. Kisha mmoja wa waandaaji akaniambia, "Mama, asante kwa kujitolea, mpishe mwenye cheti." Kumbe yule wa Inyala ameshafika. Nikachukua mkasi wangu nikaenda kukaa kwenye benchi na watazamaji.

Naomba kujua mawili. Hicho cheti mtu anakipataje? Na kosa langu lilikuwa lipi hasa? Siku ile kila mtu alinifokea na hakuna aliyenieleza.

Boda_Mwanjelwa

Pole sana mama. Ila kwani kuhesabu mpaka 25 kunataka cheti? Mimi nahesabu chenji za abiria kutwa nzima, na wanaonidhulumu ndio wenye vyeti.

MwalimuMstaafu_Mafinga

Kamwene. Mama Namba, shikamoo yako naipokea hata kama hukuiandika, maana nina hakika nimekupita umri. Nimefundisha michezo sekondari miaka mingi, na meza hiyo nimeikalia kwenye UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, mvua na jua.

Kosa lako ni herufi moja. X.

Timu inayopokea mwanzo wa seti, ikinyang'anya sevu, ni lazima izunguke kwanza ndipo isevu. Kila mchezaji anasogea nafasi moja kwa mwendo wa mshale wa saa. Aliyekuwa nafasi ya pili anaingia nafasi ya kwanza, na huyo ndiye anayesevu. Kwa B hao wako, jezi 4 alikuwa sahihi kabisa. Jezi 7 alisogea kwenda nafasi ya sita, na zamu yake ingefika mwisho, baada ya 4, 11, 2, 9 na 5. Ndiyo maana mwandishi akishanakili kikaratasi cha timu inayopokea, anaweka X kwenye kisanduku cha kwanza cha sevu cha yule wa nafasi ya kwanza. X inamwambia: huyu raundi hii hana sevu, mruke. Ungekuwa nayo, jicho lako lingehamia lenyewe kwa 4.

Kwa A ni tofauti. Wao wameshika mpira tangu mwanzo, kwa hiyo wa nafasi ya kwanza anasevu moja kwa moja. Walipopoteza sevu wakiwa na 2, ulitakiwa uandike 2 kwenye kisanduku cha huyo aliyekuwa anasevu. Pointi timu inazopata unazikata kule pembeni kwenye safu ya tarakimu, ila pale kwenye visanduku unaandika timu ilikuwa na ngapi ilipopoteza sevu. Hapo ndipo kazi ilipo, kijana wa boda. Kuhesabu hata ubao wa alama unahesabu. Mwandishi analinda zamu ya kusevu.

Na kuna kosa la pili umelisema mwenyewe bila kujua. Ulipiga kengele jezi 4 akiwa bado anatembea na mpira. Hata kama angekuwa si zamu yake, ulitakiwa unyamaze kama paka anayevizia panya. Mpira ukishapigwa tu, hapo hapo ndipo unapiga kengele. Kabla ya hapo hakuna kosa lililotendeka, na ukisema mapema umeigeuka timu pinzani, maana umewaamsha waliokosea.

Sasa cheti. FIVB, shirikisho la dunia la mchezo huu, liko Lausanne kule Uswisi, na haliji Uyole kumpima mtu wa kujitolea. Jambo hili liko mikononi mwa chama cha mchezo cha taifa na matawi yake ya mikoa. Changu mimi nilikipata kwenye kozi ya waamuzi. Tulikaa siku nne, na siku ya tatu yote ilikuwa karatasi ya alama. Mkufunzi anasoma mchezo kwa sauti kama mtangazaji wa redio, nyinyi mnaandika, akimaliza anakusanya na kulinganisha. Waliokuwa wanajiita marefa wazoefu ndio waliofelishwa na karatasi. Nenda ofisi ya halmashauri kwa afisa michezo, umwombe namba ya katibu wa chama cha mkoa, uulize kozi inayofuata ni lini, ada ni ngapi, na kama chakula kimo ndani. Hilo la chakula usilione dogo.

Wakati unasubiri, omba kukaa kama msaidizi wa mwandishi. Huyo kazi yake kubwa ni kufuatilia libero, yule mlinzi wa nyuma mwenye jezi ya rangi tofauti, anavyoingia na kutoka, kwa sababu hayo hayahesabiwi kwenye zile sabu (kubadilisha wachezaji) sita za seti. Ni pembeni, hufokewi sana, na unaona kila kitu.

Refa_Njombe

Mwalimu umeeleza vizuri, lakini mbona umemwacha refa wa pili apite salama? Kile kikaratasi cha mzunguko ndicho anachokagulia wachezaji uwanjani kabla seti haijaanza. Anajua nani alisimama wapi. Anawezaje kuitikia kwa kichwa? Mama aliandika vibaya, sawa, lakini filimbi si ya mama. Mimi ningewainua wote wawili.

Na kwenye cheti sikubaliani na wewe kwa sehemu. Unasema kama ni karatasi ya kutafuta taratibu. Mashindano yakiwa ya ngazi ya mkoa, matokeo yakikatiwa rufaa, kitu cha kwanza kinachoangaliwa ni ile karatasi ya alama na nani kaisaini. Mtu wa kujitolea asiye na kibali anaiponza timu iliyoshinda kwa haki.

Nawapa mfano uliotokea mbele yangu, mashindano siyataji. Timu moja ina 14, wamepata sevu, akaenda kusevu mtu asiye zamu yake. Hakuna aliyeona. Wakachota pointi tatu, 17–16. Mwandishi akashtuka, akapiga buza. Sasa adhabu ya kukosea mzunguko siyo pointi moja tu kwa wapinzani. Mwandishi akiweza kuonyesha kosa lilianza lini, pointi zote walizopata wakiwa kwenye kosa zinafutwa, za wapinzani zinabaki. Yule dada alikuwa na visanduku vyake safi, akaweka kidole: lilianza wakiwa na 14. Zikafutwa tatu, wapinzani wakaongezewa moja na sevu. Ubao ulikuwa 17–16, ukasomeka 14–17. Kocha aliruka, nahodha aliruka, karatasi haikuruka. Angeshindwa kuonyesha mwanzo wa kosa, wapinzani wangepata pointi moja na sevu, basi, zile tatu zingebaki.

MwalimuMstaafu_Mafinga

Refa, refa wa pili sikumgusa kwa sababu yeye hajauliza swali. Aliyeuliza ni mama.

Boda_Mwanjelwa

Nimefuta kauli yangu ya chenji.

FundiNamba_Uyole

Shikamoo mwalimu, nimeiandika sasa. Na asante refa, japo umeniinua mara ya pili.

Kwa afisa michezo nimekwenda Jumanne. Nilimkuta, kanipa namba ya katibu, na katibu kaandika jina langu kwenye orodha ya wanaosubiri kozi. Akaniuliza, "Wewe ni mwalimu?" Nikamwambia ni fundi. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Hata hivyo mwandiko mzuri ndio tunaoutafuta."

Jumamosi vijana walicheza mechi ya mazoezi, nikaomba waniachie niandike karatasi kamili. Nilipiga fotokopi tano pale Mwanjelwa. Kabla filimbi haijalia nikaweka X kwa timu iliyopokea, nikaikoleza mara mbili kama mshono wa mfukoni. Nikainua mikono yote miwili kumwonyesha refa kwamba niko tayari, nilisoma kwamba ndivyo inavyofanywa. Kijana mmoja akadhani nimesalimu amri.

Sabu ndiyo iliyonitoa jasho. Kocha katoa 11 kaingiza 8, nikaandika 8 chini ya 11, na alama za wakati ule, za timu iliyoomba zikitangulia. Baadaye 11 karudi, nikazungushia 8 duara, maana kazi yake seti hiyo imekwisha. Muda si mrefu kocha yuleyule anataka 8 aingie kwa 2! Nikatazama duara langu, nikatikisa kichwa. Akasema, "Mama Namba, umeanza ukali." Nikamwambia duara ndilo kali. Mwenzake akapekua sheria kwenye simu, akakuta ni kweli, mchezaji wa akiba anaingia mara moja tu kwenye seti, na wa kumtoa ni yule yule aliyempisha.

Mechi ilifika seti ya tano. Pale kwenye 8 wakabadilishana upande, na ile timu ya kushoto nikalazimika kuihamishia kwenye sehemu ya tatu ya karatasi, na pointi zao na taimauti zao. Hapo mkono ulitetemeka, na baridi haikuhusika. Wakamaliza 15–12. Nimepiga picha nikaiweka hapa chini, naomba mnikosoe bila huruma.

MwalimuMstaafu_Mafinga

Nimevaa miwani nikaikagua kisanduku kwa kisanduku. Seti ya kwanza mpaka ya tatu sina neno. Seti ya nne, taimauti ya pili ya A umeandika 18:20 wakati wao ndio walioomba wakiwa na 20. Geuza. Sabu zote ziko sawa, na lile duara ni zuri kuliko langu.

Kwenye sahihi umevuruga. Mchezo ukiisha unaanza kusaini wewe mwandishi, wanafuata manahodha, kisha refa wa pili, wa mwisho ni refa wa kwanza. Wewe hapa refa wa kwanza kasaini, wewe umesaini, nahodha wa A kasaini, na mahali pa nahodha wa B ni peupe. Karatasi hii ningeipokea kwenye kozi ningekurudishia.

FundiNamba_Uyole

Nahodha wa B ni konda wa daladala, mpira ulipoisha alikimbilia gari. Kesho asubuhi namvizia stendi na karatasi yangu na kalamu.

Refa_Njombe

Na refa wa kwanza asaini tena baada yake. Usimwonee haya.