Mjadala: Kunukuliwa mara nyingi ndiko kuwa mwanasayansi bora?

Mleta mada, Tudor

Assalaam aleykum, na hamjambo nyote. Kila ikitoka orodha ya asilimia 2 ya wanasayansi wanaoongoza duniani, ile inayotayarishwa na John Ioannidis wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake kwa takwimu za Scopus, hifadhidata inayohesabu makala za kisayansi na mara ngapi zimenukuliwa, yaani kutajwa kwenye makala nyingine, simu zetu hapa Mombasa hujaa picha za pongezi. Aliyemo nampa heko. Ninalolipinga ni jopo la kupandisha vyeo kufungua orodha badala ya kufungua makala za mtu.

Chukueni karatasi. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch alileta fahirisi ya h, namba moja ya kupimia kazi za mtafiti. Unazipanga makala kuanzia iliyonukuliwa zaidi, kisha unashuka ukihesabu, na unasimama pale makala inapokuwa na nukuu chache kuliko nafasi yake. Tuseme mhadhiri ana makala saba, zimenukuliwa mara 40, 22, 9, 6, 5, 3 na 1. Ya tano ina 5, inatosha. Ya sita ina 3, haifiki 6. Basi fahirisi yake ni 5. Mwenzake ana makala tano, kila moja imenukuliwa mara 5 tu. Naye ni 5! Ile ya 40 imemezwa, na mpaka hapo hakuna aliyesoma hata ukurasa mmoja.

Tena kunukuliwa kwenyewe kunapima nini? Makala inayoongoza duniani kwa kunukuliwa ni ya Oliver Lowry na wenzake ya mwaka 1951, inayoeleza namna ya kupima protini. Imepita mara 300,000. Ile ya Watson na Crick ya 1953 kuhusu umbo la DNA haikuwemo hata kwenye 100 za kwanza zilipohesabiwa mwaka 2014. Watu hunukuu njia waliyoitumia maabara, na si lazima iwe ndiyo iliyobadilisha fikra zao.

Sasa njooni kwetu. Watafiti wa pwani hii walijaribu madema, yaani mitego ya samaki, yenye upenyo ubavuni, tafi wachanga wapate kutoka na wakubwa wabaki. Mvuvi akilisuka dema lake hivyo, ameukubali utafiti ule kuliko msomi yeyote, lakini yeye haandiki makala. Mtafiti naye akimwandikia kijitabu kwa Kiswahili apate kukisoma, siku ya kuhesabiwa anapata sufuri. Hili linaniuma.

Mchangiaji, Kisauni

Waaleykum salaam, ndugu yangu. Mimi ni mhadhiri, na kabla ya namba hizi kushika nilikaa mbele ya jopo nikiwa na makala 11. Aliyepata cheo alikuwa na 2. Nilipouliza sababu nikaambiwa mwenzangu ana "mchango mpana". Mpana wapi, hawakusema. Mara ya pili nilikwenda na namba, wakakosa la kunijibu.

Na tusiionee orodha hiyo. Inagawanya wanasayansi kwa fani 22 na matawi 174, ili daktari asipimwe na mtu wa hisabati. Inaonyesha mtu angekuwa wapi akiondolewa alivyojinukuu mwenyewe. Inatazama pia kama alikuwa mwandishi pekee, wa kwanza, au wa mwisho. Ukiniondolea namba unanirudisha kwenye kujuana, na mimi mjomba sina.

Mchangiaji, Likoni

Nawaamkia walimu wangu. Mimi ni mwanafunzi wa uzamili. Msimamizi wangu aliirudisha rasimu yangu akiwa ameongeza makala zake sita kwenye marejeo kwa kalamu nyekundu. Niliyokuwa nimeisoma na kuitumia ni moja. Niliziweka zote, kwa sababu sahihi yake ndiyo itakayonimalizia shahada. Kwa hiyo nikiona namba ya mtu siku hizi, nawaza ni wanafunzi wangapi waliandikiwa kwa wino mwekundu. Na si kwetu tu: mwaka 2023 kampuni ya Clarivate iliwatoa zaidi ya watu 1,000 kwenye mchujo wa orodha yake ya wanaonukuliwa sana, na fani ya hisabati ikaiacha kabisa, maana ni fani isiyo na nukuu nyingi na ni rahisi wachache kuipotosha.

Mleta mada, Tudor

Ndugu wa Kisauni, nimekusoma mara mbili. Sikufikiria namba kama ngao ya asiye na mtu, na hapo umenigusa. Basi isitupwe. Lakini mwombaji alete kazi zake tatu anazoziona bora, ya Kiswahili ikiwemo, jopo lizisome, liandike sababu. Namba iambatanishwe, ilinganishwe na za watu wa fani yake. Azimio la San Francisco la mwaka 2012, kuhusu namna ya kutathmini utafiti, linahimiza hasa makala ya mtu isipimwe kwa namba za jarida ilimotoka, na taasisi nyingi duniani zimelitia sahihi.

Mwanangu wa Likoni, pole sana. Hilo halikuwa kosa lako.

Nakuuliza wewe wa Kisauni: lile jopo la kwanza lingekupa sababu zake kwa maandishi, pamoja na nafasi ya kukata rufaa, bado ungeihitaji namba?

Mchangiaji, Kisauni

Ningetaka vyote viwili. Sababu niwe nazo mkononi, na namba iwe pembeni yake, mpaka siku nitakapoona majopo mawili matatu yakisoma kazi za watu kweli.