Middlemarch: kosa ni la Dorothea ama ni la mji?

MwlKakamega
Habari zenu wapenzi wa riwaya. Tuko na kikundi kidogo cha kusoma hapa Kakamega, tunakutana Jumamosi, na tumemaliza Middlemarch, riwaya ya George Eliot kuhusu watu wa mji mmoja wa Uingereza unaoitwa hivyo (yule mama jina lake halisi Mary Ann Evans, ilitoka vipande vipande 1871 mpaka 1872). Sasa tumebishana vibaya sana. Wengine wanasema Dorothea, yule msichana mhusika mkuu, alijitakia, nani alimlazimisha kuolewa na mzee Casaubon na Sir James alikuwa hapo anamtaka. Mimi nasema mji haukumwachia njia ingine, msichana anataka kusoma, anataka kufanya kitu cha maana, na mlango uliokuwa wazi ni kuolewa na msomi tu. Mnaonaje?

mama_njoro
Niko na wewe mwalimu. Watu wanasahau sheria. Hadithi inaanza 1829 hivi, na wakati huo Uingereza mwanamke akishaolewa mali yake kwa sehemu kubwa inaenda mkononi mwa mume. Sheria ya 1870 ndiyo iliwaruhusu wake kuweka pesa waliyojitafutia, na ile ya 1882 ndio ikawapa kumiliki mali yao kabisa. Halafu huo wosia wa Casaubon! Mtu amekufa na bado anaamrisha, eti Dorothea akiolewa na Ladislaw, kijana wa ukoo wake Casaubon, anapoteza kila kitu alichomwachia. Na kabla hata ya mambo ya pesa, hayo maneno kwa wosia yalifanya watu waanze kunong'ona kwamba hao wawili walikuwa na kitu, na hawakuwa na kitu. Huku kwetu tunajua mjane anavyochungwa, akicheka na mtu sokoni asubuhi jioni imefika kwa shemeji. Dorothea alikuwa na pauni zake 700 kwa mwaka ndio akaweza kuyaacha mashamba ya Casaubon na kuolewa na Ladislaw. Na kama hangekuwa nazo?

nyarkisumo
Mimi aliyeniliza ni Harriet, bibi ya Bulstrode yule wa benki. Siri ya bwana yake imetoka, mji mzima unajua, yeye hajui. Anazunguka kwa marafiki, kila mmoja anamwangalia kwa huruma anaongea ya kando kando, mpaka afike kwa kaka yake ndio anaambiwa. Anarudi nyumbani anajifungia chumbani analia, halafu anavua mapambo yote, anavaa gauni jeusi la kawaida, anashuka kumtafuta mume wake, anamwambia tu ainue macho, wanakaa wakilia pamoja na hamuulizi kitu. Nilikuwa kwa matatu natoka Kondele nikashindwa kuzuia machozi. Mamangu mdogo alipitia hiyo, chama kizima kilijua bwana yake ameuza shamba, na wakawa wanamwongezea chai tu, chai, chai, hakuna wa kumwambia. Mpaka leo hajawasamehe.

msomaji_bungoma
Pole kwa mamako mdogo, dada. Lakini mji usibebeshwe yote. Rosamond alilelewa hapo hapo, na anaenda kisiri kumzuia dalali asipangishe nyumba ilhali mume wake, daktari Lydgate, anazama kwa madeni ya fanicha. Hiyo ni yeye, si majirani. Na Mary Garth, maskini, hata urembo hana wa kusifiwa, mzee tajiri Featherstone anayemtunza anamwekea pesa mbele usiku wa kufa kwake ili afungue sanduku wosia wake mmoja uchomwe, na anakataa.

MwlKakamega
Mary umenishika, kwa kikundi hakuna aliyemtaja. Ila mkumbuke pia Lydgate akidhaniwa amehongwa na Bulstrode anyamazie kifo cha mgonjwa, ni Dorothea aliyesema yeye anamwamini, akampa pauni 1,000 amrudishie Bulstrode deni. Alijua vile watu watasema na akaenda tu. @nyarkisumo hiyo sura ya Harriet ni ya 74, Jumamosi tutaisoma kwa sauti tukianza, kabla mtu yeyote hajaanza kubishana.