Sindano za "kurudisha ujana" kwa wazee: ziuzwe au zipigwe marufuku?

Mtoto wa Ujiji (mleta mada):
Baba yangu ana miaka 71. Kavua dagaa usiku kwa miaka arobaini, sasa mikono imenyauka, ndoo ya lita ishirini inamshinda kuitoa mlangoni hadi jikoni. Juzi kuna kijana mjini kamwambia zipo sindano za homoni ya ukuaji, laki sita kwa mwezi, na misuli itarudi. Mzee anataka kuuza injini ya boti. Kaka yangu anasema pesa ni yake na mwili ni wake. Mimi nasema biashara hii izuiwe kabisa.

Habari yenyewe ilivuma kutoka Marekani mwaka 1990. Daktari Daniel Rudman na wenzake walichukua wanaume 21 wa miaka 61 hadi 81, wakawadunga 12 kati yao kwa miezi sita. Mafuta mwilini yakapungua kwa asilimia 14.4, na uzito usio wa mafuta ukapanda kwa asilimia 8.8. Wauzaji huishia hapo. Hawataji utafiti wa mwaka 1996 wa wanaume 52 wa miaka 70 hadi 85: nyama iliongezeka kweli, lakini nguvu za magoti na za kukamata kwa mkono hazikuwazidi wenzao waliodungwa sindano isiyo na dawa. Sasa ndoo ataibebaje?

Fundi boti, Kibirizi:
Mkuu, unamfanya mzee wako mtoto. Sigara inauzwa kila kibanda na hakuna anayeandamana. Mtu wa miaka 71 ameshazika wenzake wengi, muache ajaribu.

Muuguzi mstaafu:
Mwanangu fundi, sigara haijiiti dawa.

Homoni hii inapingana na kazi ya insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu, ndiyo maana sukari hupanda. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya watu 131 wa miaka 65 hadi 88, wengine wakipewa homoni hii peke yake, wengine pamoja na homoni za uzazi, wengine bila hiyo kabisa. Kuna waliovimba miguu, walioumwa viungo, waliokufa ganzi viganja. Wanaume waliopewa homoni ya ukuaji, 18 walipata kisukari au sukari iliyovuka kiwango. Wasiopewa, 7.

Ila na wewe mleta mada usikimbilie "kabisa". Tezi ya pituitari, ile iliyo chini ya ubongo, ndiyo inayotengeneza homoni hii, na inaweza kuharibika kwa uvimbe au upasuaji. Hata ya mama aliyevuja damu nyingi sana wakati wa kujifungua huweza kuharibika: maziwa hayakutoka, hedhi haikurudi, na uchovu ukamganda miaka na miaka, wengine wakasema karogwa. Huyo anahitaji kupimwa homoni zake zote, na kwa baadhi yao homoni ya ukuaji ni tiba halali. Mkiifuta dawa, mnamfungia mlango yeye.

Mtoto wa Ujiji:
Hapo nimekubali, mama. Basi tuseme izuiwe kuuzwa kama dawa ya uzee. Marekani ndivyo ilivyo: anayeisambaza kwa matumizi yasiyoidhinishwa anaweza kufungwa hadi miaka 5.

Mgeni:
Vya kumeza je? Nimeviona vinatangazwa.

Mwanafunzi wa udaktari:
Ni protini hiyo. Tumbo litaimeng'enya kama samaki mgebuka. Na ya sindano hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8, wakati huyo kijana nadhani anatembea nayo kwenye begi juani. Halafu kuna panya waliozaliwa bila homoni hii, wanaishi muda mrefu kuliko wenzao. Kwa hiyo hilo neno "ujana" sijui wamelitoa wapi.

Fundi boti, Kibirizi:
Sawa, panya nimewaelewa. Lakini mzee aendelee kunyauka tu?

Muuguzi mstaafu:
Hapana. Mwaka 1994 huko Boston walishughulika na wazee 100 wa nyumba ya kutunzia wazee, wastani wa miaka 87. Walionyanyua vizito kwa wiki 10, nguvu za misuli yao zilizidi maradufu. Miaka 87! Aanze na kidumu cha lita tano, ainuke kitini bila kushika mahali mara kumi asubuhi na jioni, dagaa asikose kwenye sahani. Akizoea, mwongezee maji kwenye kidumu. Ila kwanza apimwe presha na sukari.

Fundi boti, Kibirizi:
Hayo nayakubali. Lakini mwambie yeye mwenyewe, kila kitu, halafu aamue. Nakufahamu, umeshaficha kitu cha injini.

Mtoto wa Ujiji:
Plagi ninayo mfukoni. Jioni namrudishia, na ya sukari nitamsomea mara mbili, maana dada yake alikatwa mguu na anajua kilichomfikisha huko. Mbalamwezi inaisha keshokutwa na boti zinaingia ziwani. Akiamua kuuza, atauza kabla ya hapo.