Mpiga besi naambiwa nilete hati ya nyumba, hivi hawa watu wanatujua kweli?

Wakuu salama? Leo sina salamu ndefu, nimevurugwa.

Mimi ni mpiga besi, bendi ya dansi hapahapa Dar, huu mwaka wa 19. Ijumaa mpaka Jumapili tuko baa, kiingilio kinywaji chako, tunapiga saa tatu mpaka saa nane usiku, tukishuka mgao elfu kumi na tano, siku ya mvua elfu saba, toa bodaboda ya kurudi Mbagala na gitaa mgongoni uone kinachobaki. Seti ya nyuzi mpya inakula mgao wa wiki nzima na chenji hairudi, kwa hiyo zikifa nazivua nazichemsha kwenye sufuria, maji yanageuka meusi kwa jasho na uchafu wa vidole, nazianika juu ya taulo, zinalia tena siku mbili tatu. Wife kanitengea sufuria yangu, ya wali kanipiga marufuku.

Sasa kila siku redioni hela za wasanii zipo zipo. Nikaenda. Wiki tatu nafuatilia. Kumbe siyo ruzuku, ni mkopo, haya sikatai, ila dada wa dirishani anataka andiko la mradi, TIN (namba ya mlipakodi), leseni ya biashara na dhamana isiyohamishika, yaani nyumba au kiwanja chenye hati. Nikamwambia dada yangu, kitu changu cha thamani ni hili gitaa, akaniuliza lina kadi?

Kadi! Kama pikipiki.

Na msije hapa kuniambia eti muziki haujawahi kubebwa na mashirika ya umma. Bendi ya NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, ndo hiyohiyo Msondo ya leo. Vijana Jazz ilikuwa ya umoja wa vijana wa chama tawala, Sikinde wakawa chini ya DDC, shirika la jiji. Mwajiri ananunua vyombo, mwisho wa mwezi mwanamuziki anapanga foleni ya mshahara kama karani. Sisemi ilikuwa pepo, wazee walikuwa wanahamahama bendi wakifuata dau na nyimbo za kusifu lazima upige utake usitake, lakini nyuzi ulikuwa huchemshi.

Halafu juzi taasisi moja ikatuita kwenye sherehe yao. Mahema yamelipwa, keki imelipwa, MC kalipwa advansi. Bendi? Eti "njooni mjitangaze". Miaka 19 najitangaza jamani, mwenye nyumba wangu hapokei matangazo.

Fomu yao ninayo hapa mezani, kwenye aina ya biashara kuna duka, kilimo, ufugaji, usafirishaji, mwanamuziki hayumo, labda Mengineyo. Kuna mtu yeyote humu, mpigaji siyo mwenye studio, aliyepata hiyo hela bila kuweka nyumba ya mtu rehani? Aje aseme alipitia mlango upi.